Mume Majini, Mama Gatini

Watu husema haraka haraka haina baraka. Mimi niliolewa na haraka, na sikukosa baraka. Mume wangu aliogelea mita mia kwa muda ambao mwanamke mvivu anatafuta kiberiti, na kwa hiyo haraka yake tulipata nyumba ya matofali kwenye kambi ya mgodi, tukapata baiskeli, na mwishowe yeye akapata safari ya Ulaya. Katika mambo mengine yote alikuwa mtu wa polepole mpaka anakera. Sahani moja ya bugali aliikalia mpaka nzi wanachoka. Kuniposa kulimchukua misimu miwili ya karanga, hata mama yangu akaanza kuuliza kama yule mtu wa Nyangwe amefia njiani.

Alizaliwa Nyangwe, kwa wavuvi. Mto Lualaba pale ni mpana na hauna huruma. Vijana wenzake walijifunza kuvuka mto, yeye alijifunza kukimbiza vitu. Kafi likimponyoka mtu, mtumbwi ukifunguka kamba, kuku akitoka kwenye kikapu cha mama anayekwenda sokoni, alitumwa yeye. Kitu kilichochukuliwa na mto ule, ukikiacha kidogo tu, ukifuate Kindu, mbali huko chini. Kwa hiyo nguvu zake zote alizitoa mara moja, na baada ya hapo alikuwa amekwisha. Ukimwambia avuke mto na kurudi, alichoka kama mimi, na mimi sijui kuogelea. Kwetu ni Wamaza, upande wa Kabambare, na maji yetu ni ya mtungini.

Tulipooana alikuwa ameajiriwa kwenye mgodi wa dhahabu, si mbali na Salamabila. Wazungu wa mgodi walikuwa na pisini yao, bwawa la saruji lenye maji ya kijani kibichi, na kazi yake ilikuwa kuisafisha. Aliopoa majani na vyura, akasugua kuta. Mtu mweusi aliruhusiwa kuingia mle kwa kusugua, si kwa kuogelea. Basi siku moja upepo ulipeperusha kofia ya bibi mmoja wa Kizungu, ikatua katikati ya maji. Mume wangu aliona kafi la Nyangwe. Alijitupa, akaishika kofia kabla haijalowa, akairudisha, kisha akasimama kando akingoja kufukuzwa kazi.

Munganga wa kambi, daktari wa Kizungu, alikuwa amekaa pale na gazeti lake. Ujanani kwao aliwahi kuogelea mashindanoni, na tumbo lake halikuwa limemsahaulisha. Tangu kesho yake, alfajiri, kabla wenzake hawajaamka, mume wangu aliogelea na munganga akatembea ukingoni na saa mkononi, anahesabu, anakemea. Wazungu wengine walipojua, walilalamika kwamba maji yatachafuka. Munganga akawauliza wanadhani anayeyasafisha ni nani. Nilimpenda yule mzee kwa jibu hilo, ingawa kwa mambo mengine alikuwa na kelele nyingi mno.

Kila kiangazi kulikuwa na mashindano Usumbura, kwenye ziwa, bandarini. Walikuja watu wa Kongo, wa Urundi, na wa Tanganyika kwa Waingereza. Mwaka wa kwanza mume wangu alikuwa wa tatu. Mwaka wa pili alikuwa wa pili, ameshindwa kwa kiganja na Mtanganyika mmoja mwenye mikono mirefu, na alirudi nyumbani akainyamazia sahani yangu wiki nzima. Mwaka wa tatu munganga alituita sisi wote wawili barazani kwake. Alisema atakayeshinda safari hii atapelekwa Ulaya kuogelea na watu wa mataifa mengine. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe mkataba wake unaisha, na atakayekuja baada yake hatamfungulia mtu mweusi pisini. Mume wangu alikuwa anakaribia miaka thelathini. Ilikuwa mwaka huo au basi.

Sasa lazima niseme habari za mama yangu na mume wangu, la sivyo hutaelewa kosa langu.

Kwetu mwanamume hatazamani na mama mkwe wake. Si chuki, ni heshima, na heshima yenyewe ina kazi nyingi. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mama apite. Hali chakula mbele yake. Hamwiti. Na mama mkwe akimwona mkwe wake kifua wazi, hiyo ni aibu ya kuozesha nyumba, haiondoki bila kuku na wazee. Kwa hiyo hao wawili waliongea kupitia kwangu, hata wakiwa umbali wa hatua tatu. Mwaka mmoja mume wangu alipanda kutengeneza paa la mama pale Wamaza, mama akiwa ndani ya nyumba.

“Mwambie huyo bwana musumari umepinda,” mama anasema chini.

“Umesikia, musumari umepinda,” nasema mimi.

“Mwambie mama nimesikia,” anasema yeye juu.

Walinichosha. Lakini walipendana, na hilo lilionekana. Alipokwenda kwao Nyangwe hakurudi bila samaki wakavu, akamwachia mlangoni na kuondoka. Mama naye alimtumia karanga za kusaga na mawese yaliyo safi kuliko ya kwangu, akiniagiza nisiyaguse. Mimi nilikuwa mtoto wa kuzaliwa, na nilikula makombo ya mapenzi yao.

Mwaka ule wa tatu, munganga alimchukua mume wangu kwa gari yake wiki mbili mapema. Mimi niliomba kibali cha safari kwa bwana wa teritwari, Mzungu wa serikali, nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda kamio, lori la pamba, Kabambare. Mama akapanda pamoja nami. Alikuwa na mdogo wake Uvira, akasema anakwenda kumsalimia, na mume wangu alijua hivyo: mama mkwe yuko Uvira, atabaki Uvira. Siku sita tulikuwa ndani ya ile kamio, juu ya magunia ya pamba, milima ya Fizi ikitupigisha vichwa. Mama hakulalamika. Hilo peke yake lingenitia shaka.

Tulipofika Uvira alikaa siku mbili, kisha akaanza.

“Mi nitaenda na weye kule ng'ambo, Usumbura.”

“Mama, haiwezekani. Unajua anavaa nini wakati anaogelea?”

“Mi siende kuona mutu. Naenda kuona mayi tu. Nitakaa nyuma kabisa, na mama mudogo wako.”

Nilikataa asubuhi, nilikataa mchana, jioni nikachoka. Mama akiamua jambo, anakupikia sombe ya majani ya muhogo vizuri mpaka unasahau ulikuwa unakataa nini. Nikasema ndiyo, na mume wangu sikumwambia. Hilo ndilo kosa langu, na simsingizii mtu.

Bandarini watu walikuwa wengi kama sokoni. Wazungu walikaa chini ya turubai, sisi tulisimama kwenye gati. Majini kulikuwa na kamba zimevutwa, kila mwogeleaji na njia yake, na mbao zimefungwa juu ya mapipa huku na kule: unaruka kutoka mbao hizi, unagusa zile za mbali, unarudi. Mama na mama mdogo niliwaacha nyuma, karibu na ukuta wa ghala. Mimi nilisogea mbele na mtoto wangu.

Wakatoka sita, wakapanda juu ya mbao. Mume wangu alikuwa njia ya pili, na kichupi cha bluu alichopewa na munganga, kitu kidogo ambacho mimi mwenyewe nilikiona aibu nilipokifua. Mtanganyika alikuwa njia ya tatu. Mwamuzi, Mzungu mnene, akainua bastola. Waogeleaji wote wakainama. Ndipo mume wangu akainua macho kidogo, sijui kwa nini, akatazama gatini, na nikaona uso wake umebadilika. Akaruka majini.

Bastola ilikuwa bado haijalia.

Watu waliangua kicheko. Kengele ikapigwa. Kuruka mapema mara moja halikuwa jambo kubwa, kila mtu alisamehewa mara ya kwanza. Alitakiwa tu kurudi na kupanda tena juu ya mbao. Alirudi, ndiyo. Lakini hakupanda. Alishika pipa, akabaki majini mpaka kidevuni, ametugeuzia mgongo.

“Panda,” mwamuzi akasema.

Hakupanda. Munganga akaja mbio, uso mwekundu.

“Una nini? Umeumia?”

“Hapana, bwana munganga.”

“Basi toka majini!”

“Siwezi.”

Mwamuzi alitoa saa mfukoni. Akasema dakika moja, na baada ya hapo njia ya pili itabaki tupu. Nikageuka kutazama kule alikokuwa ametazama, na hapo, ukingoni kabisa mwa gati, hata mbele yangu mimi, miguu yake karibu iguse maji, nikamwona mama. Ameshika kiuno. Anatazama kama mtu anayechagua muhogo sokoni.

Nilipita katikati ya watu kwa viwiko, mtoto analia mgongoni.

“Mama! Ulisema nyuma!”

“Nyuma sikuone mayi.”

“Ni weye! Anakataa kutoka kwa sababu yako! Wanamufukuza!”

Nilimfokea mama yangu mbele ya watu, jambo ambalo sijalifanya tena. Alimtazama mwamuzi na saa yake, akatazama kichwa kile kilichobaki juu ya maji kimegeuzwa, na akaelewa. Akageuka kuondoka. Lakini hapakuwa na pa kupita, watu walikuwa wamesongamana mpaka ghalani, na kila mtu anasukuma mbele ili aone kichekesho. Basi mama akafungua kikwembe chake cha mabegani, akakaa chini palepale kwenye saruji, akajifunika kuanzia kichwani mpaka magotini.

“Mwambie,” akasema toka ndani.

Nikapaza sauti juu ya maji, mbele ya watu wa nchi tatu na Wazungu wao. “Baba mutoto! Mama amejifunika!”

Kichwa hakikugeuka. “Yote?”

“Yote!”

“Hata macho?”

“Hata macho! Toka basi!”

Nilitegemea watacheka zaidi. Hawakucheka. Kimya kilitembea gatini kutoka mtu mpaka mtu, Warundi, Watanganyika, watu wa Uvira, maana nani hana mkwe? Mzee mmoja pembeni yangu alivua kofia. Na yule Mtanganyika wa mikono mirefu, aliyekuwa na kila sababu ya kutaka njia ya pili iwe tupu, alimgeukia mwamuzi na kusema kwa Kiswahili chao kile cha kunyooka: “Bwana, ni mama mkwe wake. Tafadhali umngoje kidogo.” Mwamuzi hakuelewa kitu, lakini aliona waogeleaji wote watano wamesimama wima na hakuna anayeinama. Akairudisha saa mfukoni.

Mume wangu alitoka majini kwa mgongo, akapanda, akainama. Bastola ikalia.

Siwezi kusimulia mbio zile, kwa sababu nilipiga kelele tangu mwanzo mpaka mwisho na macho yangu yalijaa machozi. Nilimwona akienda. Nilimwona akigusa mbao za mbali wakati mmoja na Mtanganyika. Kisha nikaona kafi linachukuliwa na mto, na mtu wa Nyangwe analifuata, na nikajua hataliacha. Alishinda kwa kiganja, kiganja kilekile cha mwaka uliopita. Munganga alitupa kofia yake ziwani na hakuna aliyekwenda kuichukua.

Mama alinivuta nguo. “Inaanza?”

“Imekwisha, mama. Ameshinda.”

“Imekwisha?” Sauti ilikuwa imekasirika chini ya kikwembe. “Siku sita ya kamio, kwa kile tu?”

Nilimwongoza akiwa bado amejifunika mpaka nyuma ya ghala, anajikwaa kila hatua, mama mdogo akicheka mpaka anashika ukuta. Jioni mume wangu alinikuta, amevaa shati limefungwa mpaka shingoni. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu: “Mama hakuniona?” Nikasema hakuona kitu. Alishusha pumzi, na nadhani kitulizo hicho kilimwingia ndani kuliko ushindi wenyewe.

Akaenda Ulaya. Kambi nzima ilimsindikiza mpaka barabarani. Mimi nilirudi Wamaza kwa mama kungoja, na miezi ile ilikuwa mirefu. Barua yake ilifika wakati tunamenya karanga za mbegu. Niliisoma kwa sauti, kwa sababu mama alikaa karibu kabisa, akijidai hasikilizi. Aliandika kwamba kule pisini ina paa kama kanisa, na maji yana moto na harufu ya dawa. Aliogelea na watu wa nchi ambazo majina yake hayajui. Alikuwa wa saba kati ya wanane. Wa nane, aliandika, alikuwa na mafua.

Nilicheka kidogo, kisha nikaikunja barua. Nilimwona peke yake kule, mtu wa polepole, ameinama ukingoni mwa maji ya moto, na hakuna hata mmoja gatini anayejua kwao.

“Itakuwa pumuzi,” mama akasema, anaendelea kumenya. “Kule iko anapumua sana. Usumbura alivuta pumuzi mara tatu kwenda, mara tano kurudi. Na ule muguu ya kushoto ilikuwa inapiga mayi sawasawa. Bamwambie asichezee ule muguu.”

Mikono yangu ilisimama.

“Mama. Nani alikuambia alipumua mara ngapi?”

Alimenya karanga moja, akamenya ya pili.

“Mama!”

“Kile kikwembe kilikuwa cha zamani,” alisema. “Kimechakaa. Unaona tu.”

Nilikasirika, nakiri. Nilisimama, karanga zikamwagika. Nikamwambia mtu yule aliamini, alitoka majini kwa sababu aliamini, mimi nilipiga kelele mbele ya nchi tatu kwamba hata macho, na yeye alikuwa amekaa mle ndani anahesabu pumzi! Nikamwambia anadaiwa kuku. Nikamwambia kuku hatatosha.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo:

“Mi nimezaa batoto wane, wote wanawake. Baba yenu alikufa. Mwanaume moja tu iko anatengeneza paa yangu, iko ananiletea samaki, na miaka sita najua mugongo yake tu. Akipita kwa njia, mugongo. Akiacha samaki, mugongo. Siku sita ya kamio, binti yangu. Ulitaka nione giza?”

Nilianza kuokota karanga.

“Alipogusa zile mbao mwisho alitoka kichwa, akageuka huku,” akasema. “Iko na sura nzuri, mwanangu.”

Nililia, wala sikuficha, na yeye akanisukumia ungo ili nisikose kazi.

Mume wangu alirudi kabla ya mvua kubwa, na koti zito lisilofaa kwetu Maniema hata siku moja. Alikuja Wamaza moja kwa moja, akasimama nje ya nyumba ya mama, mgongo mlangoni, kama inavyotakiwa.

“Mwambie mama nimerudi,” akasema.

“Mwambie karibu,” mama akasema ndani. Na mimi nilikuwa mlangoni, kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyeona jinsi alivyochungulia ufa wa dirisha. “Mwambie amekonda.”

Mume wangu aligeuza kichwa kidogo, akajizuia. Aliniuliza kwa sauti ya chini mama amejuaje.

Nikamwambia amesikia kwenye sauti.